Adabu ya Kutumiana Mafaili: Kutoka Modemu za Kwanza hadi Simu za Babati

Adabu ya kutumiana mafaili ilizaliwa kutokana na gharama ya mpokeaji. Anayetuma faili huchagua ukubwa wake, muundo wake na saa ya kulituma. Anayelipokea ndiye hulipia uchaguzi huo, kwa dakika za simu, kwa muda wa kukaa kwenye intaneti kafe au kwa bando. Kwa sababu hiyo, kanuni zote za kale za jambo hili hurudi kwenye maswali manne: faili lina ukubwa gani, linafunguka kwa programu ipi, mpokeaji ameliomba au hakuliomba, na nani mwingine anaruhusiwa kuliona. Mjini Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, kanuni hizo zilifika zikiwa zimekwisha kuandikwa kwingine. Hata hivyo, hali iliyozizaa ilikuwapo tangu siku ya kwanza: laini chache, mwendo mdogo, na mpokeaji anayehesabu kila shilingi.

Laini moja, watumiaji wengi

Mfumo wa kwanza ambao mwenye kompyuta nyumbani aliweza kuupigia simu na kuachia wenzake ujumbe ulifunguliwa Chicago mwezi Februari 1978 na Ward Christensen pamoja na Randy Suess. Mwaka mmoja kabla, Christensen alikuwa ameunda XMODEM, utaratibu wa kupeleka faili vipande vipande na kukagua kila kipande kabla ya kutuma kinachofuata. Mifumo ya aina hiyo ilienea, na mingi ilikuwa na laini moja tu ya simu. Mtu mmoja akipakua faili kubwa, wengine wote walikuta simu inatumika. Ndipo zikazuka kanuni za kwanza. Kila mtumiaji alipangiwa dakika zake kwa siku. Aliyechukua mafaili ya wenzake alitakiwa naye alete ya kwake. Kila faili liliwekewa maelezo mafupi, ili mtu ajue yaliyomo kabla ya kulipia kulichukua. Muundo wa ZIP, ulioundwa na Phil Katz mwaka 1989, uliingia haraka katika desturi hiyo, na kutuma faili lisilobanwa kukahesabiwa kuwa uzembe.

Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco alianzisha FidoNet. Kompyuta za mtandao huo zilipigiana simu usiku, wakati bei ilikuwa ya chini, na kupokezana barua kituo kwa kituo. Njia hiyo ndiyo iliyotangulia kufika Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo cha kimataifa cha uhusiano wa mazingira kilichoko Nairobi, ELCI, kiliendesha kituo cha FidoNet kilichobadilishana barua na London kupitia mtandao wa GreenNet. Simu ya kimataifa ilikuwa ghali, na kila kilobaiti iliyovuka bahari ilikuwa na bei yake.

Tanzania iliingia katika mambo hayo ikitoka mbali. Mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na masharti hayo yalilegezwa taratibu tu katika miaka iliyofuata. Miongoni mwa wa kwanza kunufaika na barua pepe walikuwa madaktari. Shirika la SatelLife la Boston, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, liliendesha HealthNet, mtandao uliofika Muhimbili jijini Dar es Salaam. Setilaiti yake ya HealthSat-2, iliyorushwa mwaka 1993, ilizunguka dunia karibu na ardhi. Ilipopita juu ya kituo ilipokea barua zilizokuwa zikisubiri, ikazihifadhi, kisha ikazishusha ilipofika juu ya kituo kingine. Muda wa kila mpito ulikuwa dakika chache, kwa hiyo mtu mmoja mwenye faili kubwa aliweza kuwamalizia wenzake nafasi yote. Majarida ya afya yaliyosafiri kwa njia hiyo yaliandikwa kwa herufi tupu, bila picha wala mapambo.

Kanuni zaandikwa

Mwezi Oktoba 1995 Sally Hambridge wa kampuni ya Intel alikusanya desturi hizi katika waraka uliopewa namba RFC 1855. Waraka huo uliwataka watumiaji wajue ukubwa wa wanachokituma, na ukapendekeza faili lisizidi kilobaiti 50. Ulikataza kuwatumia watu vitu vingi wasivyoviomba. Saini ya mwisho wa barua haikutakiwa kupita mistari minne, na kuandika kwa herufi kubwa tupu kulihesabiwa kuwa ni kupiga kelele.

Leo kilobaiti 50 huonekana si kitu, kwani picha moja ya simu hupita kiwango hicho mara nyingi. Hesabu ya wakati ule ilikuwa nyingine. Kwa modemu ya biti 9,600 kwa sekunde, megabaiti moja ilichukua takriban robo saa, na laini ikikatika mtu alianza upya. Kwa modemu ya biti 56,000, iliyosifiwa mwishoni mwa muongo ule kwa kasi yake, megabaiti hiyo bado ilihitaji dakika mbili na nusu katika hali bora kabisa, na laini za simu za miji midogo hazikuwa katika hali bora. Sanduku la barua la Hotmail, huduma ya bure iliyoanza mwaka 1996, lilibeba megabaiti 2 tu. Kiambatisho kimoja kikubwa kiliweza kulijaza, na barua zilizofuata zikarudishwa kwa waliozituma.

Kwa nchi zenye laini dhaifu zilibuniwa pia njia za kuufikia mtandao kwa barua pepe peke yake. GetWeb ya SatelLife na www4mail, iliyotokana na kituo cha fizikia cha ICTP huko Trieste, zilipokea anwani ya ukurasa ndani ya barua, zikauchukua ukurasa huo, kisha zikamrejeshea mwombaji maandishi yake. Mtu aliyekuwa na barua pepe peke yake aliweza kusoma kilichowekwa upande wa pili wa dunia, mradi mwandishi wake hakukificha ndani ya picha.

Kiswahili kilipita katika mitambo hiyo bila shida, kwa kuwa herufi zake zote zimo katika orodha ya ASCII, hata kile kialama cha ng'. Lugha jirani za Babati hazikuwa na bahati hiyo. Maandishi ya Kiiraqw hutumia mkwaju (/) kuwakilisha sauti ya kooni, na mkwaju ndiyo alama ambayo kompyuta huitumia kutenganisha majina ya mikoba ya mafaili. Windows hukataa kabisa alama hiyo katika jina la faili. Mwiraqw anayetaka kuliita faili kwa neno lenye sauti hiyo hana budi kuiacha au kuweka alama nyingine mahali pake. Kanuni ya zamani ya majina ya herufi nane na kiambishi cha herufi tatu ilizibana lugha zote, lakini lugha za aina hii zilibanwa mara mbili.

Kafe na steshenari

Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002, na Babati ikawa makao makuu. Kabla ya hapo, jalada lililohitaji sahihi ya mkoa lilisafiri kilomita zipatazo 170 hadi Arusha. Mwaka 2003 Serikali ilitoa sera yake ya kwanza ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyounda Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Hicho ndicho kipindi ambacho intaneti kafe zilitoka miji mikubwa na kuingia miji ya ukubwa wa Babati.

Kafe ya mji mdogo iligawa muunganisho mmoja kwa kompyuta kadhaa. Ndani yake ilirudi ile hali ya Chicago ya 1978: mteja mmoja akishusha wimbo au filamu, wa jirani yake husubiri ukurasa wa barua ufunguke huku saa yake ya kulipia ikienda. Wenye kafe walikataza kushusha mafaili makubwa mchana, au waliyashusha wenyewe usiku na kuyauza asubuhi. Wateja nao walijifunza kuandika barua nzima kabla ya kuunganishwa, kuhifadhi kiambatisho kwenye disketi ya megabaiti 1.44 badala ya kukisoma papo hapo, na kufunga akaunti kabla ya kuinuka. Aliyesahau kufunga aliwaachia waliomfuata barua zake zote.

Sambamba na kafe ilikua steshenari, duka la kuchapa, kutoa kopi na kuprinti, ambalo hadi leo ndiyo ofisi ya mafaili ya mtu asiye na kompyuta. Barua ya maombi ya kazi, mkataba wa kiwanja na cheti cha kuzaliwa vyote huachwa kwenye mashine ya mtu mwingine. Steshenari zilizaa adabu yao: mhudumu hafungui faili lisilomhusu, mteja hupewa nakala yake kwenye flashi, na faili hufutwa kazi ikiisha. Kanuni ya mwisho ndiyo iliyovunjwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa mteja aliyerudi wiki iliyofuata kurekebisha barua alitaka aikute palepale.

Tatizo lingine la steshenari lilikuwa muundo. Office ya mwaka 2007 ilikuja na faili la docx, ambalo kompyuta zenye Office 2003 hazikuweza kulifungua bila kuongezewa programu. Kompyuta nyingi za miji ya mikoa zilikuwa kuukuu, na mtu aliyetumiwa docx kutoka Dar es Salaam alijikuta ameshalipia kushusha kitu asichoweza kukisoma. Ndipo ikaenea desturi ya kuhifadhi faili kwa muundo wa zamani wa 97-2003 kabla ya kulituma, au kuligeuza kuwa PDF. Suluhisho la upande wa programu huria pia lilikuwapo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Uswidi ulitoa OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, isiyohitaji kununuliwa.

Habari fupi za masoko

Njia nyingine ya kulipunguzia gharama kundi zima ilikuwa kuchagua kwanza nini kinastahili kutumwa. Mwaka 2005 mfuko wa kimataifa wa kilimo, IFAD, kwa msaada wa Uswisi, ulianzisha mradi wa First Mile ndani ya programu ya Serikali ya masoko ya mazao, ambayo Manyara ilikuwa miongoni mwa mikoa yake. Vikundi vya wakulima vilichagua watu wa kupeleleza bei na mahitaji sokoni, na watu hao wakaitwa mashushushu. Habari zao zilisafiri kwa simu ya mkononi na ujumbe mfupi, kisha timu za wilaya zikabadilishana uzoefu kwa barua pepe na intaneti.

Ujumbe wa herufi 160 ulisomeka kwenye simu yoyote na haukumgharimu mpokeaji chochote. Faili refu la ripoti lilibaki kwa waliokuwa na kompyuta. Mgawanyo huo ulikuwa adabu yenyewe: mkulima alipata bei ya mahindi bila kulipia maelezo ya mradi, na ofisa alipata maelezo bila kumpigia kila mkulima simu.

Kurushiana

Katika nusu ya pili ya muongo wa 2000, simu zenye Bluetooth na memori kadi zilifanya kutumiana mafaili kuwa jambo la kijiweni. Kurusha wimbo kwa Bluetooth hakukuwa na malipo, lakini kulidai watu wawili wakae ndani ya mita kumi hivi hadi wimbo uishe kupita. Mpokeaji aliulizwa na simu yake kama anakubali, na hilo swali la simu likawa ruhusa rasmi ambayo barua pepe haikuwahi kuwa nayo. Jina la simu lilionekana na kila aliye karibu, kwa hiyo aliyetaka amani alizima Bluetooth akiwa stendi.

Asiye na wa kumrushia alikwenda kwa fundi wa simu au kibanda cha nyimbo, akajaziwa memori kadi kwa bei ya kila wimbo au ya kadi nzima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, iliharamisha biashara hiyo bila idhini ya msanii. Adabu ya mafaili iliyokuwapo ilimlinda mpokeaji na mtoaji wa karibu. Msanii aliyekuwa mbali hakuwamo ndani yake.

Flashi ilileta hatari ya pili. Windows za wakati ule ziliendesha zenyewe programu iliyokuwa ndani ya flashi mara tu ilipochomekwa, na virusi vilivyojificha katika faili la autorun vilihama kutoka steshenari moja hadi nyingine. Conficker, iliyoibuka Novemba 2008, ilikuwa mojawapo ya virusi vilivyotumia mlango huo. Microsoft iliufunga kwa sehemu kubwa kwa marekebisho yaliyosambazwa mwaka 2011, lakini marekebisho yalihitaji intaneti, na kompyuta zilizoyahitaji zaidi ndizo zilizokuwa nje ya mtandao. Kwa miaka mingi, kuuliza kabla ya kuchomeka flashi kwenye mashine ya mtu, na kukubali iskaniwe, kulikuwa heshima ya lazima.

Mkongo na bando

Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka huohuo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kuunganisha miji ya bara. Mwendo uliongezeka na bei ya kila megabaiti ikashuka, lakini malipo yalibaki kwa mpokeaji. Bando la siku lina mwisho. Video ya megabaiti kumi na sita inayoingia kwenye kundi la ukoo hukata bando la kila mwanachama aliyeacha simu yake ishushe mafaili yenyewe.

WhatsApp, ambayo ndiyo njia kuu ya kutumiana mafaili Tanzania leo, hubana picha kabla ya kuituma. Desturi ya ZIP imehamishiwa ndani ya programu, na mtumaji haifikirii tena. Tangu 2016 programu hiyo hupeleka PDF, na anayetaka picha ifike bila kupungua huituma kama waraka. Makundi ya walimu, ya vyama vya ushirika na ya misiba yamejiwekea kanuni zinazofanana sana na zile za 1995: kutotuma kisichohusu kundi, kuandika maelezo juu ya faili, na kutosambaza picha za marehemu au za majeruhi. Kanuni hii ya mwisho haikuwamo katika RFC 1855. Imetokana na adabu ya msiba ya jamii zenyewe.

Kumbukumbu za Kigorowa

Swali la nani aruhusiwe kuona faili limejibiwa kwa uangalifu mkubwa zaidi katika mkusanyo mmoja unaohusu Babati moja kwa moja. Kigorowa, lugha ya Kikushi iliyo jirani na Kiiraqw, husemwa na wenyeji wa eneo la mji huo. Mtaalamu wa isimu Andrew Harvey alirekodi sauti na video za wasemaji wake, na mwaka 2017 mkusanyo ukawekwa katika hifadhi ya lugha zilizo hatarini, ELAR, iliyokuwa SOAS London na ambayo mwaka 2021 ilihamia Berlin.

Katika hifadhi ya aina hiyo kila faili hupewa ngazi ya ruhusa. Baadhi hufunguliwa kwa yeyote aliyejiandikisha, mengine huhitaji idhini ya aliyeyaweka. Msimuliaji anaweza kukubali ngano isikike popote lakini akataka habari za ukoo zibaki kwa wachache. Idhini yake hufuatana na faili, jambo ambalo memori kadi ya kijiweni haikuweza kulifanya.

Hata hivyo ruhusa peke yake haimfikishii mtu faili. Hifadhi hupendelea sauti isiyobanwa, ambayo kwa ubora wa diski ya muziki hufikia takriban megabaiti kumi kwa dakika, yaani zaidi ya megabaiti 600 kwa saa. Mazungumzo hayohayo katika MP3 ya kawaida huchukua karibu megabaiti moja kwa dakika. Tovuti ya hifadhi ni ya Kiingereza na huhitaji akaunti. Mzee aliyetoa simulizi anaweza kuwa na haki kamili ya kuisikiliza na bado asiifikie, hadi mtu amletee nakala ndogo kwenye simu yake.

Mafaili na wasioona

Kwa msomaji asiyeona, mtandao wa herufi tupu ulikuwa rahisi kuliko uliofuata. Kompyuta yenye programu ya kusoma skrini ilitamka barua ya ASCII kutoka mwanzo hadi mwisho. Kivinjari cha Mosaic kilipoeneza picha ndani ya kurasa kuanzia 1993, mambo yalibadilika kwa watu wa aina mbili kwa pamoja: asiyeona, na mwenye laini dhaifu aliyezima picha ili aokoe pesa. Wote wawili walisaidiwa na kitu kimoja, maneno machache yaliyoeleza picha. Mwongozo wa kwanza wa kimataifa wa ufikivu wa mtandao, WCAG 1.0 wa Mei 1999, uliweka jambo hilo kuwa kanuni yake ya kwanza.

Programu za kusoma skrini zilikuwa ghali hadi mwaka 2006, Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, walipoanza NVDA, ambayo hutolewa bure. Kwenye simu za Android kazi hiyo hufanywa na TalkBack. Programu hizi husoma PDF iliyotokana na maandishi, lakini PDF iliyotokana na picha ya karatasi kwao mara nyingi ni ukurasa mtupu. Mwalimu anayepiga picha ubao na kuituma kwenye kundi la wanafunzi hutuma faili kubwa zaidi, linalokula bando zaidi, na ambalo mwanafunzi asiyeona huenda asiweze kulisoma. Kuyachapa maneno yaleyale kwenye ujumbe hutatua mambo yote matatu.

Sheria imekuja nyuma ya desturi. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Mwaka 2020 ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa miundo inayosomeka na wasioona bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Kwa upande wa faragha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilikataza ujumbe usioombwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa kazi iliyokusudiwa tu. Kwa mwenye steshenari, maana yake ni kufuta cheti cha mteja kazi ikiisha. Kwa mtumaji wa kawaida hakuna sheria inayomlazimu kubana video au kuchapa maneno yaliyo kwenye picha. Hayo bado yanategemea adabu.